Gemu na Kiingereza cha Mtoto Anayeanza: Ipi Ichaguliwe, na kwa Nini

Mtaala mpya wa Tanzania ulipoanza kutumika Januari 2024, somo la Kiingereza lilishushwa hadi darasa la kwanza katika shule za msingi za serikali. Mtaala uliotangulia ulitilia mkazo KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na watoto walikianza Kiingereza darasa la tatu. Ndiyo maana leo, katika nyumba moja ya Olmotonyi, mkoani Arusha, unaweza kukuta watoto wawili waliopita njia mbili tofauti: mkubwa alikutana na Kiingereza akiwa tayari anasoma Kiswahili bila kukwama, mdogo anakutana nacho huku bado anaunganisha silabi.

Mzazi anayetaka kumsaidia huyo mdogo hupewa ushauri unaogongana. Yupo anayemwambia ampakulie mtoto gemu yoyote ya Kiingereza, kwa kuwa watoto hujifunza wanapocheza. Yupo anayesema gemu zinaharibu, na zinazofaa ni zile tu zenye jina la elimu. Wa tatu anashauri simu ifichwe kabisa na mtoto apewe kitabu. Kila ushauri una chembe ya ukweli, lakini hakuna hata mmoja unaojibu swali la msingi: mtoto asiyejua Kiingereza, akiishika gemu ya Kiingereza, anajifunza nini hasa, na kwa njia gani? Uchambuzi huu unaanzia hapo.

Lugha tatu chini ya Mlima Meru

Olmotonyi ni kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Arusha, jirani na Ngaramtoni, upande wa barabara iendayo Namanga. Wengi wanaifahamu kwa Chuo cha Misitu kilichoanzishwa mwaka 1937 na kwa msitu wa mafunzo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Wenyeji wa eneo hili ni Waarusha, ambao lugha yao ni Kimaa. Kiswahili ni lugha ya shule, soko, zahanati na ibada. Kwa watoto wengi wa hapa, basi, Kiingereza ni lugha ya tatu, na huenda wakamaliza wiki nzima bila kumsikia mtu akikizungumza nje ya darasa.

Hata hivyo, kilomita chache tu kutoka hapo, Kiingereza ni ajira. Arusha ni makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Kuanzia 1995 hadi 2015 ilikuwa pia makao ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda. Zaidi ya yote, ni mji wa utalii. Dereva wa safari, mpishi wa kambini, mhudumu wa hoteli na mwongoza watalii wa Mlima Meru wote hupimwa kwa lugha hiyo. Shule za mchepuo wa Kiingereza zimeongezeka kwa sababu hii hii, lakini ada zake haziwezwi na kila mkulima wa mahindi na maharage. Gemu ya bure kwenye simu ya mzazi inaonekana kama njia ya mkato inayofika mahali pale pale.

Tatizo lenyewe ni la zamani. Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule za msingi mwaka 1967, huku sekondari ikibaki na Kiingereza. Tume ya Makweta, iliyowasilisha ripoti yake mwaka 1982, ilipendekeza Kiswahili kiendelee hadi sekondari, lakini serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Mwaka 1984 wataalamu Criper na Dodd walieleza kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kusomea masomo yao. Kuanzia 1987 ukafuata mradi wa kuimarisha Kiingereza uliosaidiwa na Uingereza, na nguzo yake moja ilikuwa vitabu vya hadithi vilivyopangwa kwa ngazi. Mwanafunzi alianza na kitabu chenye maneno machache, akakielewa, ndipo akapanda.

Wazo hilo la ngazi ni muhimu kulishika tunapoingia kwenye gemu. Lugha haimwingii mtoto kwa kumwagiwa. Humwingia pale anapoelewa sehemu kubwa ya anachosikia, kikabaki kidogo tu cha kukisia.

Gemu si za aina moja

Sehemu kubwa ya mkanganyiko inatokana na kuviita vitu vitatu kwa jina moja.

Kundi la kwanza ni gemu za burudani ambazo zimetokea tu kuwa na Kiingereza ndani yake: Subway Surfers ya kukimbia relini, eFootball na gemu nyingine za mpira zinazojaza vibanda vya gemu mijini, Free Fire ya kupigana mtandaoni, Minecraft ya kujenga kwa matofali. Hakuna hata moja iliyoundwa ili kufundisha lugha.

Kundi la pili ni gemu za kufundisha kusoma, zilizotengenezwa kwanza kwa watoto wa Marekani na Uingereza. Khan Academy Kids, iliyotoka mwaka 2018, ni ya bure na haina matangazo. Duolingo ABC, iliyotoka mwaka 2020, inafundisha herufi, sauti zake na usomaji wa mwanzo. Teach Your Monster to Read ya Uingereza inamtembeza mtoto na zimwi lake huku akijifunza sauti za herufi.

Kundi la tatu ni zile zilizoundwa zikimfikiria mtoto ambaye si mzawa wa Kiingereza, au ambaye hana mtandao wala mwalimu wa karibu. LearnEnglish Kids ya British Council ina nyimbo, hadithi na michezo kwa wanaojifunza Kiingereza kama lugha ya kigeni. Feed the Monster ilizaliwa kutokana na shindano lililofadhiliwa na Norway kwa ajili ya watoto wa Syria, kisha ikatolewa katika lugha nyingi, Kiswahili na Kiingereza zikiwemo. Kitkit School na programu ya onebillion ziliingia katika shindano kubwa lililofanyika hapa hapa Tanzania, ambalo tutalirudia.

Anayesema gemu zinafundisha huenda anafikiria kundi moja, na anayesema zinaharibu akawa anafikiria jingine. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi na bado wasielewane.

Hoja ya kwanza: mtoto acheze anachokipenda

Wanaoitetea hoja hii hawakosi ushahidi. Mwanaisimu Stephen Krashen, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, alishikilia kwamba lugha hupatikana mtu anapoelewa ujumbe akiwa ametulia na hana hofu ya kukosea. Mwaka 2003 James Paul Gee aliandika kitabu kizima kuonyesha kwamba gemu nzuri hufuata kanuni za ujifunzaji bora: mchezaji hujaribu, hukosea, hurudia, na hupewa maelezo pale pale anapoyahitaji. Mtoto ambaye darasani huogopa kuchekwa kwa sababu ya matamshi hana wa kumcheka mbele ya simu.

Zipo pia takwimu. Utafiti uliochapishwa Uswidi mwaka 2012 uliwafuatilia wanafunzi 86 wa miaka 11 na 12. Waliocheza gemu saa tano au zaidi kwa wiki walikuwa na Kiingereza bora kuliko waliocheza kidogo au wasiocheza kabisa. Huko Flanders, Ubelgiji, utafiti wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba baadhi ya watoto walikuwa na Kiingereza cha kuridhisha hata kabla ya somo hilo kuanza shuleni, na gemu zilikuwa miongoni mwa shughuli zilizohusishwa na mafanikio hayo.

Udhaifu unaanza pale matokeo hayo yanapohamishwa kutoka Uswidi hadi Olmotonyi bila kupimwa upya. Kiswidi na Kiholanzi ni jamaa wa karibu wa Kiingereza. Mtoto wa huko hukutana na maneno mengi yanayofanana na ya nyumbani kwao. Amezungukwa na filamu za Kiingereza, ana mtandao usiokatika, na wachezaji wenzake huandikiana kwa lugha hiyo. Kwa mtoto wa Kimaa na Kiswahili, daraja hilo ni jembamba. Maneno ya gemu ya mpira anayoyatambua, kama goli, pasi, kona na penalti, tayari yamo katika Kiswahili chake, kwa hiyo gemu haijamwongezea kitu.

Udhaifu wa pili ni mzito zaidi, na uko ndani ya gemu zenyewe. Gemu ya burudani iliyotengenezwa vizuri hueleweka kwa macho. Rangi, mshale, mwanga na mtikisiko wa simu humwambia mchezaji afanye nini, ili gemu iuzwe kila nchi bila kikwazo cha lugha. Kinachoifanya ipendwe dunia nzima ndicho kinachoifanya isifundishe lugha yoyote. Mtoto anaweza kucheza Subway Surfers mwaka mzima, akavunja rekodi zote za wenzake, na asipate sentensi moja ya Kiingereza.

Tatu, mikono na macho yakishughulika sana, masikio hufunga. Mwaka 2010 deHaan na wenzake walichapisha jaribio lililofanywa na wanafunzi 80 wa chuo kikuu nchini Japani. Waliwekwa wawili wawili: mmoja alicheza gemu ya muziki ya Kiingereza, mwingine alitazama tu. Baadaye waliulizwa maneno waliyoyakumbuka, na waliotazama walikumbuka mengi kuliko waliocheza. Ni jaribio moja, la watu wazima, kwa gemu moja ya kasi, kwa hiyo lisibebeshwe mzigo usio wake. Lakini linatufumbua macho: kushiriki kwa mikono si lazima kuwe kushiriki kwa lugha.

La mwisho linahusu wasichana. Katika utafiti ule wa Uswidi wavulana ndio waliocheza zaidi, na ndio waliowapita wasichana, hasa katika msamiati. Vibanda vya gemu vya mijini kwetu navyo ni vya wavulana zaidi. Tukiiachia burudani peke yake ifundishe Kiingereza, tutakuwa tumempa kaka nafasi ambayo dada hana, hasa pale ambapo dada tayari ana kazi nyingi za nyumbani.

Hoja ya pili: gemu za elimu tu

Ushauri huu una usalama wake. Gemu nyingi za kundi la pili na la tatu hazina wageni wa kuzungumza na mtoto, wala silaha wala kamari. Zimepangwa kwa ngazi, hurudia pale mtoto anapokosea, na sauti zake ni safi. Hilo la sauti si dogo. Kiswahili kina irabu tano na kila moja ina sauti yake moja, ilhali Kiingereza kina irabu nyingi zinazokaribiana. Tofauti kati ya neno la meli, *ship*, na neno la kondoo, *sheep*, haipo katika sikio la mtoto wetu hadi aisikie mara nyingi. Gemu haichoki kuirudia.

Watetezi wa hoja hii hulitaja mara nyingi shindano la Global Learning XPRIZE, na wana haki ya kujivunia. Shindano lilitangazwa mwaka 2014 na lilikuwa na fungu la dola milioni 15. Majaribio yalifanyika mkoani Tanga, katika vijiji takriban 170, kwa watoto wapatao 2,700, kwa ushirikiano wa serikali, UNESCO na Shirika la Chakula Duniani. Kila mtoto alipewa kishikwambi chenye programu isiyohitaji mtandao, na kila kijiji kilipata kituo cha kuchajia kwa umeme wa jua. Kabla ya kuanza, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 kiwango hicho kilipungua kwa nusu. Mei 2019 ushindi uligawanywa kati ya Kitkit School na onebillion.

Lakini isomwe vizuri: kilichopimwa Tanga ni kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Watoto wale walijifunza kusoma lugha ambayo tayari waliisikia na kuisema. Programu iliwapa herufi, wao walikuja na lugha. Mtoto wa Olmotonyi anayeanza Kiingereza yuko upande wa pili wa hesabu hiyo, kwani hana lugha wala herufi zake.

Hapa ndipo gemu za kundi la pili zinapokwama bila mzazi kutambua. Programu iliyotengenezwa kwa mtoto wa Chicago huchukulia kwamba anajua tayari maelfu ya maneno kwa kusikia. Inapomwonyesha herufi B na picha ya dubu, kazi yake ni kuunganisha sauti na neno analolijua. Mtoto wetu hamjui dubu wala neno lake. Anachojifunza ni kugusa picha yenye manyoya. Baada ya wiki kadhaa anaweza kutamka herufi kwa mpangilio na hata kusoma kwa sauti maneno mafupi, mzazi akafurahi, kumbe maana haikuingia. Tatizo hili linafahamika shuleni: mtoto anayesoma ukurasa mzima wa Kiingereza bila kujua ulisema nini.

Upo pia mtego wa kubahatisha. Gemu inayoonyesha picha mbili na kumtaka mtoto achague moja humpa nusu ya majibu bure. Nyota na makofi hufuata, na nyota hizo husomwa na mzazi kama maendeleo.

Wala jina la elimu si dhamana. Mtu yeyote anaweza kuweka neno *kids* au *learning* kwenye programu iliyojaa matangazo. Kichwa cha gemu kinaeleza nia ya muuzaji. Hakituelezi mtoto atakutana na nini.

Hoja ya tatu: simu iwekwe kando

Upande huu nao unasimama juu ya ushahidi wa Afrika Mashariki. Kisumu, nchini Kenya, watafiti walilinganisha njia kadhaa za kutumia teknolojia kufundisha kusoma kwa Kiingereza na Kiswahili madarasa ya mwanzo: vishikwambi kwa walimu, vishikwambi kwa waratibu wanaowatembelea walimu, na vifaa vya kusomea vya kielektroniki kwa wanafunzi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba shule zote hizo zilifanya vizuri kuliko zisizo na mradi, lakini teknolojia haikuongeza faida ya wazi juu ya mradi wa kawaida wa vitabu bora, mafunzo ya walimu na ufuatiliaji. Kwa gharama, vitabu na walimu vilishinda. Kenya ilipoanzisha Tusome, mradi wake wa kitaifa wa kusoma, mwaka 2015, vitabu na mwongozo wa mwalimu ndivyo vilivyokuwa kiini.

Afya nayo inaingia hapa. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka miwili hadi minne asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na pungufu ya hapo ni bora. Kuna pia hoja ya msingi wa lugha: mtoto anayesoma Kiswahili vizuri huhamishia ujuzi huo kwenye Kiingereza, na muda unaoibwa kwenye KKK haurudi kirahisi.

Udhaifu wa hoja hii ni kwamba inadai kitu ambacho familia nyingi hazina. Kitabu kizuri cha Kiingereza cha mtoto hakipatikani katika kila duka la Ngaramtoni, na Maktaba ya Mkoa iko mjini. Mzazi mwenyewe huenda hajui Kiingereza, na mwalimu wa darasa la kwanza anaweza kuwa na watoto wengi mno kuweza kumsikiliza kila mmoja akitamka. Tafiti za Uwezo za kupima ujifunzaji wa watoto, zilizoanza nchini mwaka 2010, zimeonyesha mara kwa mara kwamba Kiingereza ni eneo dhaifu kwa watoto wa shule za msingi, na hilo lilitokea bila msaada wa gemu. Simu, kwa upande mwingine, tayari imo nyumbani. Kuipiga marufuku bila kuweka kitu badala yake hakumpi mtoto mtu wa kumsikiliza akizungumza Kiingereza.

Gharama zisizoandikwa

Kabla ya kupima hoja hizi tatu, ni lazima gharama zihesabiwe, kwa kuwa neno *bure* linaficha mengi.

Ya kwanza ni bando. Gemu inayohitaji mtandao kila inapofunguliwa itakula kifurushi cha mzazi, na siku kifurushi kitakapoisha somo litakatika. Khan Academy Kids na Duolingo ABC zina sehemu zinazoweza kupakuliwa mara moja na kutumika bila mtandao, na kwa kijijini sifa hiyo ni kubwa kuliko uzuri wa picha. LearnEnglish Kids ina maudhui mazuri, lakini kwa sehemu kubwa hutegemea mtandao.

Ya pili ni nafasi ya kuhifadhi na bei. Minecraft ya simu huuzwa karibu dola 7 za Marekani na huhitaji simu yenye nguvu kiasi. Feed the Monster ni nyepesi na ya bure.

Ya tatu ni matangazo na manunuzi. Gemu za burudani za bure hujiendesha kwa kumwonyesha mtoto matangazo au kumshawishi anunue almasi, mavazi na nguvu za ziada. Mtoto asiyesoma Kiingereza hajui kitufe anachobonyeza kinasema nini.

Ya nne ni usalama. Gemu za mtandaoni zenye maongezi humkutanisha mtoto na watu asiowajua. Mfumo wa Ulaya wa PEGI, unaotumia viwango vya miaka 3, 7, 12, 16 na 18, unasaidia kuchuja maudhui. Grand Theft Auto V, kwa mfano, imewekwa kwenye 18, ilhali wapo watoto wa shule za msingi wanaoicheza. Lakini PEGI hupima ukatili na lugha chafu. Haielezi kama mtoto atajifunza chochote. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi amlinde mtoto, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imetambua kwamba taarifa za mtu zinastahili kulindwa. Simu ya mzazi yenye akaunti ya pesa ndani yake isikabidhiwe kwa mtoto bila namba ya siri kuwekwa.

Kupima: neno liwe ufunguo

Ukiziweka hoja tatu pamoja, kila moja inashika upande mmoja wa jambo. Ya kwanza inajali hamu ya mtoto, ya pili mpangilio wa ngazi, ya tatu uwepo wa mtu. Mtoto anayeanza anavihitaji vyote vitatu, na gemu inaweza kuvibeba ikichaguliwa kwa kigezo sahihi.

Kigezo hicho ni hiki: je, ili mtoto asonge mbele, lazima aelewe neno? Mzazi anaweza kukipima hata kama yeye mwenyewe hajui Kiingereza. Azime sauti, afunike maandishi kwa kidole, kisha amwache mtoto acheze. Akiendelea kushinda kama kawaida, gemu hiyo haimfundishi lugha, hata iwe na jina gani. Akikwama, basi lugha inafanya kazi ndani yake. Kisha airudishe sauti. Mtoto akianza kugusa ovyo bila kusikiliza, gemu imemzidi ngazi. Akisikiliza, akasita, akachagua, iko mahali pake.

Kwa kigezo hiki, mpangilio wa umri unajitokeza wenyewe.

Kwa watoto wa miaka mitano hadi saba, kusikia kutangulie kusoma. Zinazofaa ni gemu za sauti na picha zenye vitu anavyovijua, kama ng'ombe, nyumba, maji, mkono na rangi, na ambamo maneno mapya ni machache kwa siku. Gemu za herufi za Kiingereza zingoje hadi asome Kiswahili, na kwa wakati huu Feed the Monster ya Kiswahili itamsaidia kuliko ya Kiingereza. Dakika 15 zinatosha.

Kwa miaka minane hadi kumi, ambapo KKK imeshika, ndipo Duolingo ABC au Teach Your Monster to Read zinapoanza kulipa, mradi maneno yanayosomwa yawe na maana kwake. Hapa African Storybook inafaa kuwekwa pembeni ya gemu: ni hadithi za bure zinazopatikana kwa Kiswahili, Kiingereza na hata Kimaa, kwa hiyo mtoto anaweza kuisoma hadithi kwa lugha anayoijua kabla ya kukutana nayo kwa Kiingereza.

Kwa miaka 11 hadi 13, kabla ya kidato cha kwanza ambako masomo mengi yatafundishwa kwa Kiingereza, gemu ya burudani inaanza kuwa na nafasi. Tayari ana maneno ya kutosha kunufaika na Minecraft bila mapigano, ambako kila kifaa kina jina lake na hakuna haraka, au na gemu ya hadithi inayomtaka asome maelekezo. Kigezo bado ni kile kile, ila sasa maneno ni mengi na uhuru unaongezeka.

Lililobaki ni mtu wa pembeni, na hapa hali ya Olmotonyi ina faida isiyotambuliwa. Katika nyumba nyingi simu moja inagombaniwa na watoto watatu au wanne, na hilo huonekana kama upungufu. Lile jaribio la Japani linadokeza vinginevyo: anayetazama huenda ndiye anayeshika maneno zaidi. Ugomvi huo ukipangwa, unakuwa somo. Mmoja ashike simu, mwingine atamke neno kabla halijaguswa, wa tatu aseme maana yake kwa Kiswahili au Kimaa, kisha wabadilishane. Dada apewe zamu sawa na kaka. Gemu inayokwenda polepole na kusubiri ndiyo inayokubali mpangilio huu. Ya kasi haimruhusu mtu kusema neno.

Shuleni pia hali ni hiyo. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 viligawiwa kwa walimu. Kishikwambi kimoja hakiwezi kumhudumia kila mtoto wa darasa kubwa, lakini kinaweza kutoa sauti sahihi ya neno, darasa zima likasikiliza, likajadiliana na kuchagua jibu kwa pamoja. Mwalimu anabaki kuwa mwalimu, na kifaa kinamwazima sauti.

Kwa muhtasari

Mkanganyiko kuhusu gemu na Kiingereza unatokana na kuchanganya makundi matatu tofauti, na kuchukua matokeo ya nchi nyingine, au ya lugha nyingine, kana kwamba ni yetu. Gemu za burudani zina mvuto lakini nyingi hueleweka bila lugha, na kwa mtoto anayeanza zinatoa kidogo huku zikigharimu bando, muda na usalama. Gemu za kufundisha kusoma zina mpangilio mzuri, ila nyingi zinadhani mtoto anakijua Kiingereza kwa kusikia. Ushindi wa Tanga ulikuwa wa Kiswahili, na tusiuhesabu kuwa wa Kiingereza. Kitabu na mwalimu bado ni msingi wenye ushahidi imara zaidi, lakini havimfikii kila mtoto kwa kiasi kinachotosha.

Uamuzi unaopatana na hali ya Olmotonyi ni huu: Kiswahili kishike kwanza, gemu iwe ya polepole, isiyohitaji mtandao na isiyo na wageni, neno liwe ufunguo wa kusonga mbele, watoto wacheze wawili au watatu kwa zamu, na muda uwe mfupi, ukifuatiwa na maneno hayo hayo kutumika mezani, shambani na njiani. Gemu iliyochaguliwa hivyo haitamfanya mtoto azungumze Kiingereza peke yake. Itamfikisha darasani akiwa na sikio lililozoea sauti na maneno machache anayoyamiliki kweli, na mwalimu atakuwa na pa kuanzia.